Askari Anaporudi Nyumbani Bila Mguu

Tangu Oktoba 2011, majeshi ya Kenya yalipovuka mpaka kuingia Somalia, familia nyingi za askari zimeishi na hofu ya bomu la kutegwa. Hulipuka chini ya gari kule ng'ambo, na hulipuka vilevile huku nyumbani, kwenye barabara za mchanga za Lamu zinazopita kando ya msitu wa Boni. Wapo waliokufa papo hapo. Wapo waliorudi hai bila mguu, wengine bila miguu yote miwili. Majirani zetu nao yamewafika: Watanzania walizika askari wao 15 baada ya kambi ya walinda amani kushambuliwa huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, na waliojeruhiwa siku hiyo walikuwa makumi. Uganda ina kituo Mubende cha askari wake waliopata ulemavu vitani.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyebaki naye nyumbani: mke, mama, kaka, au rafiki mliyekula naye kiapo. Wiki za kwanza hutakosa watu. Kanisa litakuja, chama kitakuja, mchango utapitishwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kisha kila mtu atarudi kwenye shughuli zake, na hapo ndipo kazi yenyewe huanza. Askari aliyekatwa mguu humhitaji mtu wa kukaa naye mwaka wa pili na wa tatu, soketi ikianza kulegea, pesa za fidia zikianza kupungua, na yeye mwenyewe akianza kujiuliza ni nani sasa katika nyumba yake. Nimeandika nikiufikiria zaidi wakati huo kuliko wiki ile ya kwanza.

Linda goti na nyonga

Akiruhusiwa kutoka hospitalini, kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, bado kimevimba na kinauma. Huruma itakutuma ukiwekee mto chini yake. Usikiwekee. Mto humfanya alale goti likiwa limekunjwa, na misuli ya nyuma ya goti ikizoea kujikunja hufupika na kukaza. Baada ya wiki chache goti halinyooki tena, na kulivalisha mguu bandia goti la namna hiyo ni taabu tupu. Aliyekatwa juu ya goti yuko kwenye hatari hiyohiyo nyongani. Kwa hiyo akilala, mguu unyooke. Akikaa kwenye kiti cha magurudumu naye amekatwa chini ya goti, mwekee ubao wa kuegemeza kigutu ili kisining'inie. Na mara mbili tatu kwa siku alale kifudifudi, dakika 20 hivi, nyonga ipate kufunguka. Wengi hulichukia zoezi hili kwa sababu mtu anaonekana amelala tu. Mfungulie redio, jinyooshe kando yake mzungumze, dakika zitakwisha.

Bendeji nayo ina ufundi wake. Ile ya kuvutika hufungwa kwa mtindo wa namba nane, ikazwe zaidi nchani na kulegezwa kadiri inavyopanda. Ukiizungusha duara moja juu ya jingine, itaziba damu na ncha itavimba. Ifunguliwe na kufungwa upya kila baada ya saa chache. Usikubali kuonyeshwa mara moja kwa haraka siku ya kuondoka hospitalini. Mwombe muuguzi akusimamie: ifungue, ifunge kwa mikono yako mbele yake, akusahihishe mpaka aridhike.

Ajali ya kawaida kabisa ya miezi hiyo hutokea usiku. Ameamka kwenda msalani, usingizi haujamtoka, amesahau. Anashusha mguu usiokuwepo na kuangukia mshono. Weka magongo mahali mkono wake unapofika akiwa amelala, taa au tochi karibu, na chupa ya haja ndogo chini ya kitanda bila kuifanya kuwa habari ya kuzungumzwa. Kiti kiwekwe upande wa mguu uliokatwa: mwili ukigusa kitu kabla ya kusimama, kumbukumbu hurudi.

Halafu kuna maumivu ya mguu ambao haupo. Atakwambia vidole vimejikunja na havikunjuki, au kisigino kinaungua. Anasema kweli. Neva zilizokatwa na ubongo uliozoea mguu huo miaka yote bado vinatumiana habari. Silas Weir Mitchell, daktari aliyewatibu majeruhi wa vita ya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, aliyaeleza maumivu haya katika karne ya 19, na yanawapata wengi mno wa waliokatwa viungo. Hayatokani na wazimu wala na namna mguu ulivyozikwa, hata kama kuna jamaa atasema hivyo. Kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyopita. Husaidia kukisugua kigutu taratibu, kwanza kwa kitambaa laini, baadaye kwa taulo, kukifunga vizuri, na kuvaa mguu bandia mara unapopatikana. Kuna pia zoezi la kioo lililoanzishwa na V. S. Ramachandran miaka ya 1990. Kioo kirefu husimamishwa katikati ya miguu, mtu akautazama mguu mzima ndani ya kioo huku akiukunja na kuukunjua, na ubongo ukaona miguu miwili. Haliwasaidii wote, na linamfaa tu aliyebakiwa na mguu mmoja, lakini halina gharama ila kioo. Maumivu yakimnyima usingizi, dawa za kawaida za kichwa hazitoshi. Zipo dawa za neva ambazo daktari huandika, na anapaswa kuziomba bila haya.

Kuna madhara mawili ya mlipuko ambayo familia hukawia kuyagundua. La kwanza ni masikio. Mshindo wa bomu hupasua ngoma ya sikio na kuharibu usikivu, na mtu aliyepoteza mguu huwa amepimwa kila kitu isipokuwa hicho. Nyumbani anaitwa haitiki. Watoto wanadhani amekasirika, mke anadhani amedharauliwa. Mpelekeni kwa daktari wa masikio kabla hamjaanza kugombana. La pili ni mfupa kuota mahali usipotakiwa, ndani ya nyama ya kigutu, jambo linalowapata sana waliojeruhiwa kwa milipuko. Ukihisi uvimbe mgumu unaokua, au soketi iliyokuwa sawa ikaanza kumchoma sehemu ileile kila siku, ombeni picha ya eksirei.

Mguu wenyewe

Askari aliye kazini hushughulikiwa na hospitali za jeshi. Aliyestaafu, au anayeishi mbali, ana milango mingine: karakana ya Hospitali ya Kenyatta, hospitali ya PCEA Kikuyu, na vituo vya chama cha APDK, ambacho kimekuwa kikiwahudumia watu wenye ulemavu wa viungo tangu 1958 na ndicho chenye karakana za Bombolulu kule Mombasa. Kwa aliye Tanzania kuna hospitali za CCBRT na MOI jijini Dar es Salaam, na ya KCMC mjini Moshi, ambako chuo cha TATCOT kimekuwa kikiwafunza mafundi wa viungo bandia wa nchi nyingi za Afrika tangu 1981.

Roho ya mguu bandia ni soketi, ile sehemu inayopokea kigutu. Wayo ukiwa wa kawaida na soketi ikakaa vyema, mtu atatembea. Wayo ukiwa wa bei mbaya na soketi ikamchubua, mguu utaishia nyuma ya mlango. Miguu mingi inayotengenezwa katika nchi zetu hutumia plastiki ya polipropilini kwa utaratibu ulioenezwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Ni nyepesi, inastahimili maji, na fundi wa hapahapa anaweza kuirekebisha. Ukisikia habari za goti la kompyuta kutoka ng'ambo, uliza kwanza nani atalitengeneza likiharibika na litachajiwaje umeme ukikatika. Kwa askari anayerudi kuishi shambani Bungoma au Kitui, mimi ningechagua mguu ambao fundi wake yuko safari ya siku moja.

Asitarajie kuvaa na kutembea. Siku za kwanza ni nusu saa, kisha saa moja, kisha avue na kukagua. Kanuni ya ngazi ikaririwe mpaka iwe mazoea: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu bandia hutangulia. Aliyekatwa juu ya goti atatumia nguvu nyingi zaidi kuliko aliyekatwa chini ya goti kwa mwendo uleule, kwa hiyo usimlinganishe na mwenzake mliyemwona akikimbia kwenye televisheni. Na usimwone mvivu akitumia kiti cha magurudumu siku ya soko. Kuna siku za mguu na siku za kiti.

Ukaguzi wa jioni ndio utakaoamua kama kesho atatembea. Avue mguu, avue soksi za kigutu, kioshwe kwa maji na sabuni isiyo kali, kikaushwe kabisa, hasa kwenye mikunjo ya mshono. Achukue kioo kidogo atazame upande wa chini asioufikia kwa macho. Wekundu unaofifia baada ya robo saa hivi ni wa kawaida. Ukibaki, au ngozi ikawa na lengelenge, mguu hauvaliwi kesho yake mpaka ngozi itulie, hata kama kuna harusi. Mafuta hupakwa usiku tu. Akipaka asubuhi, ngozi hulainika na kuchubuka ndani ya soketi. Spiriti hukausha ngozi na kuipasua, msiitumie. Soksi zifuliwe kila siku. Kwa aliye Mombasa au Garissa jasho ni adui wa kila mchana: avue saa sita, apanguse, abadilishe soksi, avae tena.

Kigutu husinyaa, sana katika mwaka wa kwanza, na hata ndani ya siku moja hupungua. Asubuhi soketi inambana, saa kumi alasiri inacheza. Ndiyo maana aliyezoea hutembea na soksi ya akiba mfukoni, akaongeza moja kadiri nafasi inavyoongezeka. Idadi ya soksi ikizidi kupanda wiki kwa wiki, soketi imekuwa kubwa, na ni wakati wa kurudi kwa fundi. Usingoje kidonda kikwambie. Vivyo hivyo akinenepa: soketi haitanuki.

Jambo moja la viatu, kwa sababu limewaangusha wengi bila wao kujua kisa. Mguu bandia hupangwa kulingana na kimo cha kisigino cha kiatu alichokwenda nacho karakana. Akibadili kutoka kiatu cha kisigino kwenda raba bapa, mwili wote huinamia nyuma na goti husukumwa nyuma. Aende kwa fundi na viatu anavyovaa kila siku, na akinunua vingine apime visigino kwanza. Mguu mzima nao uvalishwe kiatu kizuri. Sasa unabeba kazi ya miwili, na goti lake na mgongo vitadai haki yao baada ya miaka.

Kwa aliyepoteza mkono nitasema machache tu. Mkono bandia unaopendeza macho mara nyingi haufanyi kazi, na ndoana isiyopendeza hushika jembe. Awe na uhuru wa kuchagua, hata kuacha vyote viwili. Wengi huishi vizuri kwa mkono mmoja, zipu mahali pa vifungo, na ubao wenye misumari miwili wa kushikilia kitunguu kikikatwa.

Choo, njia na boda boda

Kabla ya kufikiria ngazi za mbele na rangi ya ukuta, tengeneza choo. Choo cha shimo cha kuchuchumaa hakimfai aliyekatwa juu ya goti, na humsumbua aliyekatwa chini yake. Mwashi anaweza kujenga kikalio cha matofali na saruji juu ya tundu kwa siku moja. Kwa haraka zaidi, kiti cha mbao kilichotobolewa kitafaa. Chomeka bomba la chuma ukutani la kushikilia, lifungwe kwa saruji na si kwa misumari, kwa maana litabeba uzito wa mtu mzima. Bafuni weka stuli isiyoteleza, aoge ameketi, na mguu bandia uachwe mahali pakavu. Njia ya kutoka nyumbani hadi chooni ndiyo itengenezwe kwanza kuliko zote. Wakati wa masika, matope hunasa wayo wa mpira na kuuvuta. Changarawe iliyoshindiliwa inatosha.

Akipanda boda boda, wayo bandia hauhisi kama uko juu ya kikanyagio au umeteleza. Dereva asimame mpaka abiria aangalie kwa macho kuwa umekaa, na asipakiwe mwingine nyuma yake. Kuhusu gari kuna habari njema. Magari mengi yanayoletwa kutoka Japani ni ya gia za otomatiki, na hayo huendeshwa kwa mguu wa kulia pekee. Aliyepoteza mguu wa kushoto anaweza kuendesha gari la namna hiyo kama lilivyo. Aliyepoteza wa kulia atahitaji gari lirekebishwe, kwa kanyagio la mafuta la upande wa kushoto au kwa vishikio vya mkono. Wote wawili wahakikishe watoa leseni na bima wanajua hali yao.

Mwachie nafasi yake

Nitakaa kidogo hapa kwa sababu hapa ndipo familia zenye upendo mwingi huharibu. Mtu huyu jana alikuwa akiamrisha wenzake, akibeba bunduki na mizigo, akituma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi. Leo mnamletea maji ya kunawa kabla hajayaomba. Mnajadili ada ya watoto jikoni ili msimsumbue. Kaka yake ndiye anayekwenda kwenye kikao cha ukoo kuhusu mpaka wa shamba. Kila tendo ni la upole, na yote kwa pamoja yanamwambia kwamba amestaafishwa kwenye nyumba yake.

Nimeona familia moja ikifanya vingine. Koplo alikuwa ameletwa nyumbani miezi michache baada ya kukatwa, na ndugu walikuwa wamepanga mbuzi achinjwe ili watu waje kumwona. Kaka mdogo akashika kisu. Mama yao, mwanamke wa maneno machache, akamwambia, "Mpe mwenye kazi yake." Katika boma hilo mchunaji alikuwa koplo siku zote. Wakaleta stuli fupi, wakamning'iniza mbuzi chini kidogo kuliko kawaida, akachuna ameketi, magongo yameegemezwa kwenye mti. Alichukua muda mrefu na mara mbili kisu kilimponyoka. Hakuna aliyemwokotea; walingoja aombe. Nyama ikachelewa na wageni wakangoja.

Fanya hivyo kila unapoweza. Uliza "Nikusaidie?" kisha usubiri jibu, na jibu likiwa hapana, kaa. Daftari la matumizi libaki mikononi mwake kama lilikuwa lake. Mtoto akiomba ruhusa, aelekezwe kwa baba. Mpe kazi yenye uzito wa kweli, ambayo isipofanyika nyumba itaona pengo. Kazi za kumpumbaza atazitambua mara moja.

Watoto waambiwe wazi kwa maneno mepesi: bomu lilimuumiza baba mguu, madaktari wakauondoa ili apone, hautaota tena, atapata mwingine wa kuvaa. Waacheni waushike huo mguu na kuuliza. Mtoto aliyekatazwa kuuliza hubaki na ndoto mbaya. Na kwa mgeni anayeingia akilia kwa sauti kama msibani, mpokeeni mlangoni, akae nje kwanza mpaka atulie.

Kwa wanandoa kuna kitanda, na hili halisemwi na daktari wala na mchungaji. Mwanamume mwingine hugeukia ukutani kwa sababu anaona aibu ya kigutu. Mke naye hukaa mbali akiogopa kumuumiza, na kila mmoja hudhani amekataliwa. Zungumzeni mchana, nguo zikiwa mwilini. Mito hapa ina kazi nzuri. Kama mlipuko ulijeruhi pia sehemu za siri, au kama hamu imepotea, mwulizeni daktari: baadhi ya dawa za maumivu ya neva na za usingizi hupunguza hamu, na zinaweza kubadilishwa.

Usiku wa askari

Jeraha la akili halifuati ratiba ya jeraha la mguu. Linaweza kutulia mwaka mzima kisha likaja. Tazama mambo haya: anaruka tairi likipasuka, hawezi kupanda matatu bila kukaa kiti cha nyuma kabisa, anaota akipiga kelele, anaepuka wenzake wa kikosi, anakunywa ili alale. Usimwamshe kutoka ndotoni kwa kumshika. Simama mbali na umwite jina lake. Usimlazimishe kusimulia. Mwenzake aliyepitia hayo atamtoa maneno ambayo wewe huwezi, kwa hiyo mtafute. Chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA, ni mahali pa kuanzia.

Akisema familia ingekuwa heri bila yeye, au akianza kugawa vitu vyake, mwulize moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, asibaki peke yake, ondoa dawa, silaha na sumu za shamba, na mfike hospitali siku hiyohiyo. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu za watu wenye msongo kwa namba 1199 bila malipo.

Michezo hufungua mlango ambao ushauri nasaha wakati mwingine hushindwa kuufungua. Voliboli ya kuketi huchezwa kwenye uwanja wa mita 10 kwa 6, wavu ukiwa chini, wachezaji wakiteleza sakafuni bila miguu bandia. Timu ya wanaume ya Rwanda ilifika michezo ya Paralimpiki ya London mwaka 2012, na ndani yake walikuwamo watu waliopigana pande mbili tofauti vitani kabla ya kila mmoja kupoteza mguu wake. Michezo ya Invictus, ya askari waliojeruhiwa, ilianza London mwaka 2014, na Nigeria ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kushiriki, mwaka 2023. Huhitaji kufika huko. Kamba mbili, mpira na kiwanja cha nyasi kijijini vinatosha kuanza.

Nawe mwenyewe, mke au mama, pumzika. Tafuta siku katika juma ambayo shemeji au dada anashika zamu, na usijieleze kwa mtu.

Karatasi na pesa

Nunua faili moja gumu. Ndani yake ziingie ripoti ya tukio, muhtasari wa hospitali, uamuzi wa bodi ya madaktari, barua za jeshi, na nakala ya kila karatasi unayoikabidhi ofisi yoyote, yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe. Ripoti itaje kila jeraha, masikio na akili vikiwamo, kwa sababu kisichoandikwa mapema ni vigumu kudaiwa baadaye.

Nchini Kenya ajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, baada ya tathmini katika hospitali ya serikali. Askari wengi hukataa kadi hiyo. Wanaona imewaweka kwenye kundi wasilolitaka. Mweleze faida zake: msamaha wa kodi ya mapato kwenye shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi, ambao huombwa na kuombwa upya cheti kinapoisha; nafasi ya kuomba vifaa vya kujimudu na vya kazi; na haki ya kushindania zile asilimia 30 za zabuni za serikali zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hakuna anayepaswa kulipwa "kusukuma faili." Anayeomba hongo ya kufuatilia fidia atatoweka nayo.

Malipo ya mkupuo yakiingia, ushauri wangu ni mmoja: yakae miezi sita bila kuguswa, ila kwa madeni na choo. Katika miezi hiyo kila mtu atakuwa na wazo, na mengi yatakuwa matatu au plot ya bei nafuu isiyo na hati. Kabla ya kununua chochote, atenge fungu la mguu bandia wa baadaye, lisiguswe hata kwa mazishi.

Kuhusu kazi, msianze na ulemavu, anzeni na alichokuwa akifanya jeshini. Fundi wa redio za mawasiliano, mpishi, karani wa stoo, fundi wa magari, mwalimu wa mafunzo: kila mmoja ana ujuzi ambao kampuni za ulinzi, hospitali, shule na maghala huutafuta. Ufugaji wa kuku si jibu la kila mtu. Mradi upimwe kwa ardhi ya pale: mtelemko, umbali wa maji, na mizigo ya kubebwa asubuhi na jioni. Kama bado yuko jeshini na anaweza kazi ya ofisi au ya kufundisha, aombe kwa maandishi kabla ya bodi kukaa.

Mguu wa pili na wa tatu

Soketi ya kwanza mara nyingi hubadilishwa ndani ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kigutu kikishatulia. Baada ya hapo mguu wa mtu mzima hudumu miaka mitatu hadi mitano, pungufu kwa anayelima. Andika tarehe ulipotolewa kwenye jalada la faili lile, na weka miadi ya ukaguzi kila baada ya miezi sita hata kama hauna kasoro. Fundi akaze skrubu, atazame wayo kama umepasuka chini, apime urefu. Mguu ukianza kulia kila hatua, au nyonga moja ikipanda kuliko nyingine akisimama, usingoje miadi.

Mpya ukipatikana, wa zamani usitupwe wala usigawiwe mtu mwingine. Ulitengenezwa kwa mwili wake peke yake. Ukiwa bado unamwingia, uoshwe, ukaushwe, ubadilishwe wayo uliochakaa, uwekwe akiba. Utamfaa siku za matope, siku za kuosha gari, na siku ambazo mpya uko karakana.